Sonara mnayemjua kaniambia mbele ya watu kwamba jasho langu ni "maji ya betri"

BintiRaskazone:
Wakuu, naandika huku natetemeka. Nimetoka dukani kwake sasa hivi, hata daladala sijapanda, nimesimama chini ya mwamvuli wa muuza vocha. Simtaji. Hana haja ya kutajwa. Kila aliyewahi kupita Kariakoo na kitu cha kung'aa anamjua: kona ile, kioo kilichopasuka kikazibwa kwa gundi ya karatasi, redio ya taarabu kutwa nzima, na ile kauli yake ya "haichuji, haipauki, haikuaibishi".

Kaniambia jasho langu ni maji ya betri.

Nina bangili mbili za fedha za bibi yangu mzaa mama. Nzito, za zamani, ndani zina nukta tatu zilizogongwa na sonara wa enzi hizo ili zisichanganywe na za dada yake. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Tanga, nikasema bibi hayupo lakini bangili zake zitaingia ukumbini, tena zifanane na kidani cha bi harusi. Nikazipeleka kuchovya dhahabu. Nikamuuliza, baba, itakaa? Akanitazama kama nimemuuliza kesho jua litachomoza au la. "Binti, hii karati 24. Utamrithisha mjukuu." Laki na ishirini, pesa mkononi, risiti hakuna. Akazifunga waya, akazitumbukiza kwenye bakuli la kioo, akabonyeza swichi. Nilikuwa nakunywa soda. Soda haijafika nusu, ananiambia tayari.

Na zilitoka nzuri, siwezi kusema uongo. Niliona meno yangu humo.

Jumamosi, ukumbini. Joto la Tanga mnalijua. Saa mbili usiku nimenyanyua mkono kumtuza bi harusi, kamera inachukua, wifi mkubwa kanidaka mkono na kuuliza kwa sauti: "Shoga, mbona umeota ukoka?" Mkono kijani! Kijani cha mchicha uliochemshwa, kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Na pale bangili zinapogongana dhahabu imekimbia, yamebaki mabaka meusi. Vigelegele vilikatika. Nadhani hata mpiga ngoma alisimama.

Leo nimerudi kistaarabu kabisa. Shikamoo baba. Duka limejaa, wateja sita, nimewahesabu, wawili ni wachumba wanachagua pete. Akachukua bangili, akaipindua, akainusa. ALIINUSA! Kisha akasema kwa sauti ya kunadia samaki: "Tatizo siyo dhahabu yangu. Tatizo ni jasho lako. Wewe binti una jasho la maji ya betri."

Yule dada wa pete akasogea pembeni. Alisogea, wakuu, akavuta na mkoba wake.

Maji ya betri! Mimi ninayeoga mara tatu kwa siku! Bibi alizivaa bangili hizohizo akilima, akifua, akikuna nazi, na damu yake ndiyo damu yangu, hazikumgeuza rangi hata siku moja. Sasa anataka elfu 50 nyingine "azipige koti la pili". Koti sitaki. Nataka awaite wale wateja sita awaeleze jasho langu limefanya nini.

Kibatari:
Nimevuta kiti. Ila bila picha ya mkono uzi haujakamilika.

Mzee wa Gerezani:
Ni huyohuyo! Hereni za mke wangu alizichovya yeye, sikio likavimba kama andazi. Akasema mke wangu ana masikio ya kudeka.

Pwagu77:
Maji ya Betri, umeamkaje? Pikipiki yangu haiwaki tangu jana, naomba kijasho kidogo.

BintiRaskazone:
Pwagu, leo sina utani na mtu. Mbele ya wateja sita.

FundiMchundo:
Dada pole. Nimefanya kazi ya kuchovya miaka 9, nilianza na mabomba ya bafuni na mabampa, baadaye vito. Ngoja niseme.

Kazi yenyewe haina uchawi. Bangili inafungwa upande hasi wa umeme, inazama kwenye maji yenye chumvi ya dhahabu, umeme unaivuta dhahabu inaganda juu yake. Brugnatelli wa Italia alifanya hivyo 1805, miaka mitano tu baada ya Volta kutengeneza betri yake. Kinachopanda kinapimwa kwa umeme na muda, basi. Dua haiongezi. Sasa soda haijafika nusu, hapo umepata moja ya kumi ya mikroni, pengine chini ya hapo. Unywele wako una kama mikroni 70. Nimepiga hesabu: bangili yenye eneo la sentimita 50 za mraba, kwa unene huo, inakula miligramu 10 za dhahabu. Gramu moja inachovya bangili mia. Umelipa laki na ishirini kwa miligramu 20. Kitu cha mkononi, kinachosuguana kutwa, mimi sikitoi chini ya mikroni 2 na nusu.

Ule weusi ni fedha ikikutana na salfa. Kijani ni shaba, fedha safi haitoi kijani. Masonara wa zamani walichanganya shaba kwenye fedha ili iwe ngumu. Sasa naamini alizikwangua kwa msasa kabla ya kuchovya, akaifumbua shaba, kisha akaifunika kwa koti lenye matundu. Jasho la mtu yeyote lina chumvi, lingepita tu. Na sidhani kama aliziosha sawasawa. Fundi anamwagia maji: yakitanda, ni safi; yakijikusanya matone, kuna mafuta, unarudia.

Halafu hilo la maji ya betri. Maji ya betri ni tindikali. Na maji ya kuchovyea dhahabu kwa kawaida yana sayanidi. Tindikali ikiingia humo inatoka gesi ya kuua. Kwa hiyo dada angekuwa na jasho hilo, na alivyosimama pale jirani na bakuli kwenye joto lile, huyo sonara leo tungekuwa tunamsomea hitima.

BintiRaskazone:
Asante sana kaka. MMESOMA? Jasho la mtu yeyote. Nataka nichapishe hii karatasi nikaibandike kwenye kioo chake pale kilipopasuka.

Kibatari:
Fundi kaandika kama anajibu mtihani wa kidato cha nne ila nimeelewa. Dada kapigwa.

Mzee wa Gerezani:
Fundi, na sikio la mke wangu?

FundiMchundo:
Nikeli hiyo. Tunaiweka chini ya dhahabu ili shaba isipande juu, lakini kuna ngozi haipatani nayo kabisa. Sikio halina kosa.

Mzee wa Gerezani:
Ngoja nikamsomee. Siku ya nne hii hasemi na mimi kwa sababu pale dukani nilicheka.

Dereva wa Mchanga:
Nyie mnalilia bangili. Mimi bampa la Fuso! Jamaa kaniambia kapiga kromu, bampa linang'aa abiria wa daladala wanajitazama humo wakichana nywele. Mvua ya kwanza tu, kutu imechungulia kama upele. Kumbe kapuliza rangi ya kopo. Laki nne hizo.

FundiMchundo:
Hata kromu ya kweli juu ya bampa haizidi mikroni moja. Anayezuia kutu ni nikeli ya chini, na hiyo ndiyo lazima iwe nene. Ukiona bei ndogo ujue nikeli wameiruka.

Dereva wa Mchanga:
Laki nne ndiyo bei ndogo?!

MkenyaWaMtwapa:
Majirani mnapenda kuchovya. Sisi huku dhahabu tunaletewa na Kipchoge, tena mbili.

FundiMchundo:
Ndugu yangu, medali ya dhahabu ya Olimpiki ni fedha iliyopakwa dhahabu angalau gramu 6. Hata hiyo imechovywa.

Pwagu77:
Kumbe! Basi medali za wanariadha wetu Bayi na Nyambui, Moscow 1980, ni fedha juu mpaka ndani. Hazina cha kuchuja. Tumewapiga.

MkenyaWaMtwapa:
Mmepiga nani? Tangu 1980 mnahesabu hizohizo mbili.

Pwagu77:
Mbili zisizochuja.

BintiRaskazone:
Jamani. Aliinusa bangili ya bibi yangu, kisha akasema maji ya betri. Dada wa watu akavuta mkoba.

Kibatari:
Fundi, nina betri la bodaboda na pete ya shaba. Naweza kujaribu nyumbani?

FundiMchundo:
Usiguse. Umesoma nilichosema kuhusu sayanidi au umesoma utani wa Pwagu peke yake?

ChaiYaRangi:
Mimi naona uzi mzima ni chai. Tusubiri na upande wa pili.

Mteja_Mwema (amejiunga leo, ujumbe wa 1):
Si vizuri kumchafua mtu anayetafuta riziki yake. Huyo binti mikono imejaa hina mpaka kwenye kucha, na mafuta ya nazi yanadondoka. Dhahabu gani itakaa hapo? Hata hiyo shikamoo aliitoa kwa pembeni ya mdomo. Sonara huyo ni mtu mwema, bei zake ni nzuri, na ana uzoefu mkubwa.

Pwagu77:
Hina? Nimerudi juu nimesoma neno kwa neno. Nani kataja hina?

Mzee wa Gerezani:
Shikamoo baba. Karibu jukwaani.

BintiRaskazone:
NI YEYE! Wakuu ni yeye! Hina nilipakwa Ijumaa, usiku wa kuamkia harusi, na bangili nilikuletea wiki mbili kabla. Hina iliingiaje kwenye bakuli lako? Haya, umekuja mwenyewe, waambie hapa: jasho langu lina nini?

Mteja_Mwema:
Mimi ni mteja tu.

Dereva wa Mchanga:
Mteja, hapo dukani bampa la Fuso mnachovya?

Mteja_Mwema:
Lete tuone. Haichuji, haipauki.

FundiMchundo:
Bampa la Fuso kwenye bakuli la kioo? Kazi hiyo inataka tangi, na mvuke wa kromu ya kizamani unaleta saratani ya mapafu. Dereva, usipeleke.

Dereva wa Mchanga:
Nimekusikia fundi. Mteja, kiasi gani?

Mteja_Mwema:
Tutaelewana. Njoo asubuhi, kabla watu hawajajaa.

BintiRaskazone:
Ajibu kwanza kuhusu jasho langu!

Dereva wa Mchanga:
Dada subiri kidogo, tunapatana bei hapa.