Mjadala: Mieleka ya televisheni ije CCM Kirumba? Nasema ije, ila mwenye tiketi atangulie kamera

Wadau wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, naleta hoja hii mapema, kabla promota yeyote hajabisha hodi, ili siku akibisha tuwe tunajua tunataka nini.

Mieleka ya kulipwa tumeifuata kwenye skrini kwa miaka mingi. Ingia kibanda umiza chochote Igoma au Mabatini, uliza habari za The Undertaker au John Cena, utasimuliwa hadi jioni. Je, onyesho kubwa la namna hiyo, lenye kamera na matangazo ya kwenda nchi nyingine, lifanyike kwenye uwanja wetu wa Kirumba?

Msimamo wangu ni kwamba lije. Jiji hili lina watu, lina uwanja mkubwa unaotajwa kubeba watazamaji 35,000, na kila burudani ya maana isiishie Dar es Salaam. Arusha inajengewa uwanja kwa ajili ya AFCON 2027; sisi hatumo. Tukae tukiangalia ya wenzetu hadi lini?

Lakini nina sharti moja, na hilo ndilo nataka tulijadili. Onyesho lipangwe kwa ajili ya mtu aliyekata tiketi, televisheni ifuate. Kwa kawaida mambo hupangwa kinyume. Ulingo wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, una futi 20 kila upande, kama mita 6 hivi. Uweke katikati ya uwanja wa mpira wenye urefu wa mita mia moja na ushei. Aliyekaa nyuma ya goli yuko zaidi ya mita 50 kutoka hapo. Mieleka yote anaiona kwenye skrini kubwa, kama skrini ipo. Kamera kuu husimama upande mmoja bila kuhama, na wanamieleka wanaichezea hiyo: wakinyanyua mikono, wakitoa macho, wakimgeuza mpinzani, wanaelekea huko. Ukikaa upande wake umefaidi. Ukikaa upande wa pili, umelipia migongo.

Halafu kuna suala la saa. Mnakumbuka pambano la Muhammad Ali na George Foreman pale Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Walipanda ulingoni yapata saa 10 alfajiri ili Wamarekani wapate kuona usiku wao. Wakongo walikesha kumngoja mtazamaji aliye ng'ambo ya bahari, na muda mfupi baada ya pambano mvua kubwa ikaumwagia uwanja. Ingetangulia saa moja tu, historia ingekuwa nyingine.

Sasa linganisheni na Wembley, London, tarehe 29 Agosti 1992. Kampuni ya WWE, enzi hizo ikiitwa WWF, ilifanya onyesho la SummerSlam pale mbele ya watu waliotangazwa kuwa 80,355. Pambano la mwisho walipewa Bret Hart na Davey Boy Smith, Mwingereza, na Mwingereza akashinda. Uwanja mzima ulipiga kelele kwa ajili ya mtu wao. Wamarekani waliliona siku mbili baadaye, limerekodiwa. Televisheni ilisubiri, na hadi leo wapenzi wa mieleka wanalitaja pambano lile kwa sababu ya ule umati uliokuwa na mtu wake ulingoni. Hicho ndicho ninachokitaka Kirumba.

Kwa hiyo ninapendekeza: kati ya Juni na Agosti, wakati wa kiangazi, lianze jioni na kwisha kabla ya saa 4 usiku, viti visivyoona ulingo visiuzwe, na kwenye mapambano makubwa kuwe na wanamieleka wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, wasiwekwe tu kufungua pazia. Kinshasa wana mieleka yao ya kulipwa inayojaza watu mitaani, na wengine hupanda ulingoni na mambo ya kichawi. Hatuna haja ya kuagiza kila kitu Marekani.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Shabiki wa Pamba, Mabatini

Mleta mada, umeongelea viti na kamera, nyasi hujazigusa. Katikati ya mwaka ligi husimama, ndiyo, na ndicho kipindi pekee ambacho uwanja unapumzika. Wewe unataka kuupandishia vyuma, magari ya mizigo na maelfu ya watu wenye viti vya plastiki. Tumeshaona uwanja unavyobaki baada ya matamasha na mikutano. Pamba ilihangaika miaka mingi hadi kurudi Ligi Kuu mwaka 2024, halafu tuanze msimu mpya kwenye mashimo?

Mimi napinga. Kama ni lazima, mpango wa kurekebisha uwanja uandikwe na fedha ziwekwe pembeni kabla ya lori la kwanza kuingia getini. Ahadi za mdomo hazioteshi nyasi.

Fundi wa majukwaa na taa, Nyakato

Kazi hii naifanya, kwa hiyo nitaongea ya kwenye vyuma.

Ukumbi wenye paa unakuruhusu kutundika taa na spika juu. Kirumba sehemu kubwa ya mzunguko haina paa. Maana yake kila kitu kitasimama chini, juu ya minara, na minara hiyo lazima ishikiliwe na uzito mkubwa, matangi ya maji au matofali ya zege, kwa sababu upepo wa ziwani ukiamka jioni haubembelezi. Ulingo wenyewe lazima uwe na kifuniko juu. Kifuniko kinataka nguzo nne, na kila nguzo inamziba mtu. Hapo ndugu yangu mleta mada ongeza idadi ya viti usivyovitaka viuzwe.

Radi ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye ngurumo nyingi sana duniani. Tampa, kule Florida, nako ni nchi ya radi. Tarehe 10 Aprili 2021 WrestleMania 37, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, ilichelewa kuanza kwa sababu hiyo, watazamaji wakaambiwa waondoke vitini wajikinge, na wanamieleka wakawa wanahojiwa tu ili kujaza muda hewani. Wale wana uwanja wenye korido pana za kukimbilia chini ya majukwaa. Sisi tutawaambia watu elfu ishirini wakimbilie wapi? Huo mpango uwe umeandikwa, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "simamisha", asiwe promota na asiwe mtu wa televisheni.

Na fataki. Orlando mwaka 2008, WrestleMania 24, waya wa fataki ulikatika mwishoni mwa onyesho na watazamaji wa majukwaa ya juu wakaungua. Kirumba kuna nyumba za watu jirani kabisa. Mimi ningezikataa moja kwa moja.

Halafu tusisahau mwanamieleka Owen Hart. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, alikuwa anashushwa kwa kamba kutoka darini aingie ulingoni kwa mbwembwe. Kifungo kikaachia, akaanguka zaidi ya mita 20, akafa. Onyesho likaendelea, huku watu waliolipia wakilitazama nyumbani. Kila nikisoma habari ile nafikiria vijana waliokuwa wameshika zile kamba. Hakuna kushusha mtu kutoka juu Kirumba. Atembee kwa miguu yake, watu watashangilia vilevile.

Mwisho, la kurekodi kama 1992 sahau. Mwaka ule hakukuwa na simu za kamera mifukoni. Leo mshindi anajulikana Marekani kabla refa hajamaliza kuhesabu tatu. Mnunuzi wa matangazo atataka moja kwa moja.

Mleta mada

Fundi, ahsante sana, hasa hilo la mtu wa kusimamisha. Naliingiza kwenye masharti yangu kama ulivyoliandika. La fataki nakubaliana nawe.

Hilo la moja kwa moja lina jibu zuri. Tangu mwaka 2018 WWE imekuwa ikifanya maonyesho makubwa Saudi Arabia, la kwanza likiwa la uwanjani kule Jeddah, Aprili mwaka huo. Saa ya Saudia na ya kwetu ni moja. Majira ya kiangazi ya Marekani, saa 1 usiku ya Mwanza ni saa 6 mchana New York. Kwa hiyo matangazo yanaweza kwenda moja kwa moja wakati huohuo sisi tukiwa kwenye saa yetu ya kawaida, na Mmarekani akatazama akila chakula cha mchana. Wasaudi hawakuamshwa alfajiri. Akija mtu akatuambia lazima tuanze saa 8 usiku, tumjibu kwa mfano huo.

Shabiki wa Pamba, fedha za nyasi ziwekwe kwanza, sina ubishi. Ila kuupinga mpango mzima kwa sababu ya nyasi naona unauza ng'ombe kwa kuogopa kupe.

Mwalimu wa shule ya msingi, Buhongwa

Nimesoma yote. Mnaongea vyuma na saa, watoto hamjawataja. Kila Jumatatu ninao wanaojaribu kubebana mabegani na kutupana kwenye mchanga. Mtoto wa darasa la tatu hajui kwamba yule aliyepigwa kiti mgongoni walielewana na mwenzake kabla. Mkiileta hapa, akaiona kwa macho yake, ataamini mara mbili.

Na mamlaka gani itaisimamia? Ikiwa ni mchezo, ni Baraza la Michezo la Taifa. Ikiwa ni maigizo, ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ngumi za kulipwa zina kamisheni yake na daktari pembeni ya ulingo. Hawa watajificha wapi?

Mleta mada

Heshima kwako mwalimu. Swali lako wenyewe walishalijibu. Mwaka 1989 kampuni hiyohiyo ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mapambano yake ni burudani na mshindi hupangwa, ili isibanwe na kanuni na kodi za michezo ya mapigano. Kwa hiyo kwetu pia kibali kitoke upande wa sanaa, mabango yaseme wazi kuwa ni onyesho, na kampuni za kubeti zisipewe nafasi hata ya kuweka dau la shilingi mia. Ila daktari, gari la wagonjwa na njia wazi ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando vibaki palepale, kwa sababu kupangwa kwa mshindi hakuulainishi mgongo unaoangukia mbao.

Kuhusu watoto, ningependa wewe na walimu wenzako muonyeshwe mazoezi siku moja kabla, pamoja na wanafunzi. Mtoto akiona jinsi anayetupwa anavyojifunza kuanguka, na miaka mingapi inahitajika, ataelewa kuliko kwa tangazo la "usijaribu nyumbani".

Mwalimu wa shule ya msingi, Buhongwa

Hilo la mazoezi nitalifikiria. Kibali changu bado hujapata.

Mdau wa Kisesa

Mimi niko jirani na Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Mnaijadili mieleka utadhani ndiyo mara ya kwanza Wasukuma kuona washindani wenye mbwembwe wakigombea umati. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu enzi za waanzilishi wake, Ngika na Gumha. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kila kimoja na dawa zake na vituko vyake, nyoka wakatolewa, na anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Watazamaji wanahama kwa miguu. Hakuna kamera inayowaambia waangalie wapi. Njooni kwenye sherehe za Bulabo muone.

Kwa hiyo hoja ya mleta mada naiunga mkono na kuisogeza mbele. Kwa nini ulingo uwe mmoja katikati ya uwanja wa mita mia? Wekeni miwili, kila upande mmoja, mapambano yapokezane, katikati ya uwanja pawe na ngoma ya bugobogobo wakati ulingo mmoja unaandaliwa. Kila jukwaa litapata saa yake ya kuwa karibu. Watu wa televisheni watalalamika kuhusu nyaya na kamera. Walalamike.

Mleta mada

Mkuu wa Kisesa, hilo sikuwa nalo kichwani na nimelipenda mno. Fundi wa Nyakato, linawezekana?

Fundi wa majukwaa na taa, Nyakato

Linawezekana. Gharama ya minara inakaribia mara mbili, ila umbali unapungua karibu nusu kwa wa nyuma ya magoli. Na vifuniko viwili. Nikiulizwa na promota nitamwambia afadhali hiyo kuliko kununua skrini kubwa.

Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba

Mimi nakaa hapahapa, sauti ya uwanja naisikia nikiwa kitandani. Sijali sana nani anamtupa nani. Najali mageti.

Machi 2021 mwili wa hayati Magufuli uliletwa Kirumba tuuage. Siku chache kabla, Uwanja wa Uhuru Dar es Salaam watu 45 walikuwa wamekufa kwa kukanyagana. Mwaka mmoja nyuma, Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada uwanjani. Kwa hiyo nikisikia umati nasikia hayo.

Kuna ile tunayoiita fungulia mbwa, geti linaachiwa dakika za mwisho na waliokuwa nje wote wanajazana. Kwenye mpira tumezoea. Kwenye onyesho ambalo pambano kubwa ni la mwisho, watu watalisubiria geti hilo wakiwa elfu kadhaa, gizani, wakati wengine ndani wanaanza kutoka. Mleta mada, masharti yako ni mazuri ila hili huna. Andika kwamba geti la kuingilia likishafungwa halifunguliwi bure, na mageti ya kutokea yawe wazi muda wote na yawe na taa.

Na sisi wa barabara ya Makongoro, mama lishe na wauza samaki, tuambiwe mapema tutakaa wapi siku hiyo. Mara nyingi tunajua siku mgambo wanapotufikia.