Tupeane uzoefu: SSI ilikutoa jasho lini?

FundiWaMwenge
Wakuu, leo nimehamishia tovuti ya zamani ya taasisi moja kwenye seva mpya ya Ubuntu, kurasa zinahudumiwa na Apache. Kurasa zote ni .shtml, yaani za SSI (Server Side Includes: seva inapachika vipande kama menyu ndani ya ukurasa kabla ya kuutuma), za enzi zile kabla kila mtu hajakimbilia WordPress. Nafungua: menyu hakuna, kijachini hakuna, na kosa lolote halionekani. Peupe tu. Nimekumbuka kitu hikihiki kilivyonikesha 2009. Nani mwingine yamemkuta?

binti_kodi
Chungulia chanzo cha ukurasa. Ukikuta `<!--#include virtual="/menyu.html" -->` imekaa vilevile, seva haijaigusa. Kivinjari kinaiona kama maoni ya HTML, kinaificha. Ndiyo maana huoni kosa.

FundiWaMwenge
Imekaa vilevile 😭

Mpemba_Mkavu
Weka Nginx, andika `ssi on;` ulale. Apache ya nini zama hizi?

kaka_terminali
Wewe Mpemba, ushauri wako huo ulishanitesa wiki nzima. Niliweka Nginx mbele, Apache nyuma, SSI ichakatwe mbele. Haikuchakata hata mstari mmoja. Kumbe Apache inabana majibu kwa gzip, na Nginx haioni agizo lililo ndani ya kitu kilichobanwa. Mpaka nilipoweka `proxy_set_header Accept-Encoding "";` ili Apache isibane.

Mpemba_Mkavu
Kwa hiyo kosa ni la Apache 😂

kaka_terminali
Kosa ni langu kukusikiliza.

mzee_wa_seva
Nyie mnalilia menyu. Mimi niliwahi kuwaachia wageni funguo za nyumba.

Ilikuwa chuo fulani, Apache 1.3. Nimejifunza SSI juzi tu, kwa hiyo kila kitu nataka kiwe SSI. Kubadili majina ya faili kuwa .shtml nikaona tabu, nikaiamuru seva ichakate .html zote: `AddHandler server-parsed .html`. Kwenye Options, yaani ruhusa za Apache, nikaweka Includes (SSI zote, hata za kuendesha amri kwenye seva) bila kujiuliza mara mbili. Ikafanya kazi, nikasifiwa.

Sasa palikuwa na kitabu cha wageni. Skripti ya Perl inachukua alichoandika mgeni, inakibandika ndani ya wageni.html kama kilivyo. Mmeshaona ninakoelekea?

Ijumaa jioni nikafungua nisome salamu. "Kazi nzuri." "Nawasalimu wote wa bweni B." Halafu chini yake, mahali pa salamu, orodha ndefu ya mafaili ya seva yangu. Nikafungua ukurasa upya, orodha ikaja tena. Kuangalia faili lenyewe kwenye diski, mgeni kaandika `<!--#exec cmd="ls -la" -->`. Mgeni anaandika, seva inatii! Na "salamu" iliyofuata ilikuwa `cat` ya faili la mipangilio, nywila ya hifadhidata iko nje, bweni B wote wanaisoma.

Mikono ilitetemeka hata nywila ya kuingilia nikawa naikosea. Nikachomoa waya. Waya wa mtandao, kwa mkono. Nikaenda kumweleza mkuu wa idara, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa wanafunzi watasalimiana wapi?"

binti_kodi
WAYA 😂😂😂

dogo_htaccess
Ndiyo maana kuna `IncludesNOEXEC`, SSI bila exec, shikamoo mzee.

mzee_wa_seva
Marahaba. Ila hiyo peke yake haitoshi. Mgeni bado anaweza kuvuta faili lako lingine kwa include. Geuza kila `<` iwe `&lt;` kabla hujahifadhi.

dogo_htaccess
Yangu ni ndogo. Niliandika `Options Includes` kwenye .htaccess (faili la mipangilio ya folda) bila alama ya kujumlisha. Ikafuta FollowSymLinks iliyokuwepo, ruhusa ambayo Rewrite (sheria za kubadili anwani) inaihitaji, sheria zangu zote zikaanza kutoa 403, yaani hairuhusiwi. Saa nne nzima kwa sababu ya `+`.

Mama Seva
Mimi hutumia `XBitHack on`, Apache ichakate SSI kwenye faili lenye ruhusa ya kuendeshwa, kisha naupa ruhusa hiyo (chmod +x) ukurasa ninaoutaka tu. Jina la faili halibadiliki.

kaka_terminali
Mpaka siku mtu azipitishe kwenye Windows azirudishe, ruhusa zote zimepukutika.

Mama Seva
Windows inaingiaje kwenye seva yangu?

binti_kodi
Fundi, umewasha moduli yenyewe lakini? `sudo a2enmod include`. Angalia logi ya makosa, nadhani inalalamika haikijui kichujio cha INCLUDES.

FundiWaMwenge
…Sikuwasha. Nimewasha sasa, menyu zimerudi! Ila kurasa tatu zinaandika "an error occurred while processing this directive".

binti_kodi
Afadhali, hapo inachakata. Zina `include file="../..."`, si ndiyo? `file` haikubali `../` wala njia inayoanza na `/`. Tumia `virtual`.

FundiWaMwenge
Ndiyo hiyohiyo. Ubarikiwe.

Mpemba_Mkavu
Mzee, mgeni yule alijulikana?

mzee_wa_seva
Alikuja mwenyewe Jumatatu kuomba kazi ya maabara ya kompyuta.

Mpemba_Mkavu
Akapewa?

mzee_wa_seva
Ndiye aliyenirudishia waya.