Programu ya kupanga ratiba kwa masharti: nianze na ipi?

Chaki_Nyeupe: Wakuu, natafuta programu ya bure ya kupanga ratiba ya sekondari kwa njia ya masharti: unaieleza kompyuta kisichoruhusiwa, yenyewe inatafuta mpango unaokubalika. Mikondo 12, walimu 22, vipindi 8 kwa siku, siku 5. Laptopu ina RAM ya GB 4, Python naijua kiasi. Nianze na ipi, na nijifunzie wapi?

Kigeu01: MiniZinc, lugha ya kuandikia masharti. Ukishaipakua huhitaji intaneti. Ina dirisha lake la kuandikia na injini kadhaa za kutafuta jibu, zikiwemo Gecode na Chuffed. Masharti unayaandika karibu kama hesabu za darasani. Ila kwa ratiba ya ukubwa huo chagua Chuffed. Gecode usipoielekeza ianze na vigeu vipi (thamani inazopaswa kuzitafuta) inaweza kuzunguka saa nzima bila jibu. Kozi ipo Coursera, Basic Modeling for Discrete Optimization, ya Chuo Kikuu cha Melbourne na kile cha Kichina cha Hong Kong, na inafundisha kwa MiniZinc hiyohiyo. Mazoezi yamejaa CSPLib, maktaba ya mtandaoni ya matatizo ya masharti.

Sharti_Gumu: Kama Python unayo, mzunguko wa nini? Chukua CP-SAT, injini ya kutatua masharti iliyo ndani ya OR-Tools ya Google: `pip install ortools`. Pip ikidai haioni toleo lolote, huenda Python yako ni ya biti 32, inataka 64.

Weka kigeu cha 0/1 kwa kila mkondo, somo na kipindi. Kwa masomo 10 ni 12 × 10 × 40 = 4,800, si vingi. Kila mkondo katika kila kipindi: `add_exactly_one` (somo moja, si zaidi wala pungufu). Kila mwalimu katika kila kipindi: `add_at_most_one` (moja au hakuna). Kisha jumla ya kila somo kwa wiki. Inakubali namba nzima tu, kwa hiyo saa 1.5 iandike dakika 90.

Weka `num_workers = 4`, la sivyo inachukua kori zote na RAM yako huenda isitoshe, na `max_time_in_seconds = 300` kuweka kikomo cha muda. INFEASIBLE maana yake masharti yanagongana. UNKNOWN ni muda umeisha tu.

Chaki_Nyeupe: Inarudisha INFEASIBLE na haisemi kosa liko wapi.

Sharti_Gumu: Ndivyo ilivyo. Jumlisha kwa mkono kwanza. Mkondo wenye vipindi 38 hauwezi kupita kwenye `add_exactly_one`; ongeza "somo" la kipindi huru. Mwalimu anayekuja siku tatu ana nafasi 24, ukimpa 26 umekwama. Hapo pakiwa sawa, ya kupendelea tu (hisabati asubuhi, mwalimu asiwe na mapengo) yatoe kwenye masharti, yaingize `minimize` (amri ya kutafuta jumla ndogo kabisa) kama adhabu.

Bodi_ya_Kijani: Kama shida ni ratiba tu, si kujifunza, kuna FET. Ya bure, imetengenezewa shule, unajaza fomu bila kuandika msimbo. Ikikwama inakuonyesha vipindi vilivyoishinda kupangwa.