Nimehesabiwa "mwenye ajira" kwa kumhamishia jirani vyombo, halafu mnaniambia hali ya ajira ni nzuri?

Wakuu, nimechoka. Kila takwimu zikitoka watu wanapongezana kwamba ukosefu wa ajira umeshuka, na ukiguna unaambiwa hujui kusoma namba. Haya, tuzisome.

Niliwahi kufikiwa na mdadisi wa utafiti wa nguvu kazi. Ulikuwa mwezi wangu wa saba bila kazi. Akauliza: siku saba zilizopita umefanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja? Nikajibu ndiyo, nilimsaidia jirani kuhamisha vyombo, kama saa mbili, akanitoa kidogo. Akaweka alama, akaenda swali linalofuata. Basi, nikawa mwenye ajira, safu moja na meneja wa benki! Simlaumu yule dada. Kanuni za Shirika la Kazi Duniani (ILO) ndivyo zinavyosema: saa moja inatosha.

Na kama hata hiyo saa hukuipata, usidhani utahesabiwa. Lazima uwe umetafuta kazi, kwa kawaida ndani ya wiki nne zilizopita, na uwe tayari kuanza mara moja. Umepeleka barua mwaka mzima, hakuna anayejibu, ukaacha? Unaondolewa kwenye nguvu kazi, yaani jumla ya wenye kazi na wanaoitafuta. Kwenye hesabu yao hupo kabisa.

Angalieni kinachotokea. Watu 100: 90 wanafanya kazi, 10 wanatafuta. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni asilimia 10. Wanne kati ya wale 10 wakikata tamaa, wanabaki 6 kati ya 96, yaani asilimia 6.25. Hakuna hata kazi moja iliyoongezeka, watu wanne wamezama, na kesho kuna mtu atasimama jukwaani kutangaza mafanikio.

Msije mkasema ni porojo za mtaani. Kwa mwezi wa Aprili 2020 Marekani ilitangaza ukosefu wa ajira wa asilimia 14.7. Kipimo chao kipana, kinachojumuisha waliokata tamaa na wanaofanya vibarua vya saa chache kwa kukosa kazi ya kutwa, kilisoma 22.8. Mwezi uleule, nchi ileile. Na watakwimu wao wenyewe walikiri kwamba kuna watu waliosimamishwa kazi wakaandikwa wapo kazini ila hawakufika tu, na kwamba bila kosa hilo ile 14.7 ingepanda kwa karibu pointi 5.

Kinachonichefua zaidi ni nchi maskini kujisifu kwa viwango vidogo. Pasipo na posho ya wasio na kazi, nani ana jeuri ya kukaa akitafuta? Unashika chochote ule. Umaskini wenyewe ndio unaoishusha ile namba!

Na dawa ipo. Tangu 2013 ILO ina vipimo vinne vya nguvu kazi isiyotumika ipasavyo, cha nne kinawaunganisha wasio na kazi, wenye saa pungufu wanaotaka zaidi, na wanaotaka kazi lakini ama hawaitafuti ama hawawezi kuianza sasa. Mbona kwenye vichwa vya habari hakionekani? Wachumi mliomo humu nijibuni hilo, msinitajie wastani.

Mdadisi akirudi leo atanikuta na ajira tena. Juzi nimebeba kabati. Saa moja na nusu.