Boti za abiria Mto Rufiji: zirudi au tunaota?

Mwana Utete: Wadau, mgeni anatua kwa ndege ndogo ndani ya Hifadhi ya Nyerere, anapanda boti ya kambi, anapiga picha viboko, kesho yuko Zanzibar. Ikwiriri haijui, Utete hajaisikia. Enzi za Mjerumani stima ilipanda mto huu. Kwa nini tusiwe na boti ya abiria kutoka Mloka, ipite Utete na Daraja la Mkapa, ishuke mpaka delta?

Fundi Injini: Kiangazi mchanga unahamahama, njia ya jana leo ni kisiwa. Boti ya watu hamsini ikikwama, nani anashuka kusukuma, na mamba wale? Ila nyie Warufiji subira mnayo, mlizoea kulala Ndundu mkingoja pantoni.

Bi Mkongo: Fundi, koma. Daraja limefunguliwa 2003, wewe bado uko kwenye pantoni! Halafu waliokuwa wanalala pale ni abiria wa Lindi na Mtwara. Sisi tulikuwa tunawauzia chai.

Korosho Tupu: Chai gani dada? Maji ya moto yenye rangi! Na kambale mkavu kwa bei ya mbuzi.

Bi Mkongo: Ulimla mpaka kichwa, leo umeshiba unatukana.

Mwana Utete: Jamani, mada. Bwawa la umeme la Nyerere limeshajengwa huko juu ya mto, megawati 2115, maji yatakuwa yanashuka kwa mpangilio. Kina kitatabirika.

Fundi Injini: Aprili 2024 mafuriko yalikutabiria nini? Mashamba yalikuwa chini ya maji, watu wanaokolewa kwa mitumbwi.

Mwana Utete: Basi si umeona? Chombo cha majini kinahitajika!

Delta Halisi: Naomba kuweka sawa. Mnaitaja delta kama shamba la babu yenu Utete. Nyamisati iko Wilaya ya Kibiti, na boti za Mafia zinaondokea hapo. Watalii wakija, ushuru ni wa Kibiti.

Mwana Utete: Kibiti mmemegwa kwetu juzi tu, mnaleta mipaka majini?

Delta Halisi: Tumemegwa na Königsberg yetu, manowari ya Wajerumani. Hicho ndicho kivutio, si viboko.

Korosho Tupu: Ile ya vita ya pili?

Delta Halisi: Ya kwanza! Julai 1915. Waingereza waliipiga, Wajerumani wenyewe wakailipua. Mizinga wakaing'oa wakaenda kupigania nchi kavu.

Kijana wa Mvita: Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Njooni muuone, tiketi mlangoni.

Fundi Injini: Hahaha! Kwa hiyo mgeni apande boti Mloka aje kutazama tope, mzinga uko Kenya.

Delta Halisi: Tope lina mikoko, ndugu. Mikoko mingi kuliko unavyojua wewe na injini zako.

Bi Mkongo: Mmemaliza? Mimi nauliza nauli. Mgeni atalipa kwa dola, viti vitawekewa mito, bei itapanda. Mimi nina gunia la mpunga, kuku wawili na mjukuu anakwenda kliniki Utete. Nitakaa wapi?

Mwana Utete: Mama, nimesema wageni na wenyeji pamoja.

Bi Mkongo: Umesema. Kuku wangu akimnyea Mzungu, utakuwepo?

Fundi Injini: Na jaketi za kuokolea ziwe ngapi, za wageni tu au na za kuku?

Mwana Utete: Za abiria wote, TASAC, wanaosimamia vyombo vya majini, hawatakupa leseni bila hizo. Nauli ya mwenyeji ipangwe kwanza, kabla hata ya boti kununuliwa.

Delta Halisi: Ipangwe na halmashauri ipi?