Mnaomwita Sammy Davis Jr. msindikizaji wa Sinatra, mnanikera sana

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ikija hoja ya mwimbaji na mburudishaji gani alikuwa mkali zaidi kwenye klabu za usiku za Marekani miaka ya 50 na 60, majibu ni yale yale: Frank Sinatra wa kwanza, Dean Martin wa pili, halafu Sammy Davis Jr. anatupiwa nafasi ya tatu kama mtu aliyebebwa. Sasa kuna aliyefika mbali zaidi, eti bila Sinatra asingejulikana kabisa. Huu ni uongo, na unaudhi kwa sababu historia yake haijafichwa popote.

Sammy alizaliwa Harlem mwaka 1925. Hajafika hata umri wa kuanza shule, tayari yuko jukwaani na baba yake na Will Mastin, kiongozi wa kundi lao. Machi 1951, usiku wa tuzo za Oscar, watatu hao waliwekwa Ciro's, klabu ya usiku kule Hollywood, watangulie tu, kupasha ukumbi moto kabla ya msanii mkuu. Ukumbi umejaa mastaa, na watu wakagoma kuwaachia washuke jukwaani. Sinatra mwenyewe kipindi hicho alikuwa anaporomoka, na mwaka uliofuata kampuni yake ya rekodi ikaachana naye. Ndiyo, alimsaidia Sammy, tena mapema, 1947 alimpigania apate kazi Capitol Theatre, New York. Hilo nampa heshima yake. Ila kumtafutia mtu kazi si kumpa kipaji.

Tatizo lenu mnapima sauti peke yake. Kwa sauti sibishani: Sinatra alijua kushika pumzi na kuvuta mstari mpaka neno linakuchoma. Kwa mvuto wa bila jasho, Dean hana mpinzani. Anaingia na glasi na sigara, anajifanya kalewa, anaharibu wimbo kwa makusudi, na bado ukumbi mzima unampenda. Lakini hizi zilikuwa klabu. Mtu kalipa meza yake na kinywaji chake, anataka kuburudishwa, na burudani si kuimba tu.

Tafuteni shoo ya hisani ya St. Louis, Juni 1965. Wako wote watatu, Johnny Carson ndiye mshereheshaji, bendi ni ya Count Basie na anayeiongoza ni Quincy Jones. Mtazameni Sammy zamu yake. Anaimba sawasawa, halafu anachukua wimbo mmoja na kuugawa kwa sauti za waimbaji wengine, mstari huu wa huyu, mstari ule wa yule, na kila anapobadilisha sauti anabadilika na uso na mabega. Kisha anacheza. Na hapo hatujagusa ngoma, tarumbeta wala vaibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti), vyote alipiga. Haya yote kwa jicho moja, maana la kushoto lilitoka kwenye ajali ya gari Novemba 1954. Januari 1955 alikuwa amerudi Ciro's, jicho limefunikwa kitambaa, anacheza!

Mnachopenda kusambaza ni kile kichekesho cha Dean kumbeba Sammy mikononi kana kwamba yeye ndiye tuzo, na kuwashukuru NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, kwa tuzo hiyo. Mnakifanya ushahidi kwamba Sammy alikuwa kikaragosi. Mnajua alikotoka? Siku zake za mwanzo Las Vegas alikuwa anafanya shoo hotelini, akimaliza anaondoka kwenda kulala Westside, mtaa wa weusi, kwa sababu hoteli ile ile haikumpa chumba wala kumruhusu akae kwenye meza za kamari. Hoteli za pale zilikuja kukubali kuondoa ubaguzi huo Machi 1960. Sinatra na Dean hawakuwahi kupanda jukwaani wakiwa na mzigo huo, na ninyi mnawapanga kama vile wote walianzia mstari mmoja.

Na msiniletee picha ya Sammy akimkumbatia Rais Nixon mwaka 1972. Hiyo ni siasa, jadilini huko. Hapa tunazungumzia jukwaa.

Anayebisha aache kuandika "Sinatra ni Sinatra". Anitajie mtu mwingine wa kumbi zile aliyeimba, akacheza, akaigiza sauti, akachekesha na kupiga vyombo kwa kiwango kile ndani ya shoo moja. Jina tu, nami nitakwenda kumtazama.