Naomba ushauri: maembe ya kuokota tuyapige marufuku au tuyawekee masharti?

BiMkulima:
Habari zenu wakuu. Niko Mkuranga, tuna kikundi cha akina mama tunakausha maembe, tunatengeneza juisi na achari. Tumepata mteja wa Dar mwenye duka kubwa, kaja, kakagua vikaushio karidhika, halafu akauliza swali ambalo wote tulibaki tunaangaliana: embe lililodondoka lenyewe huwa mnalifanyaje? Anataka utaratibu wa maandishi ndio asaini.

Kikao kikawa kelele tupu. Katibu anasema marufuku, kinachoingia ni cha kuchumwa tu basi. Wengine wanasema upepo ukipiga dodo zinajaa chini, utaziacha zioze? Na wanaotuletea hizo za kuokota wengi ni bibi zetu na wajane wasio na shamba, maana huku embe lililodondoka mwenye shamba hakugombezi ukiliokota, ndio hela yao ya msimu. Mmoja akauliza pia, mbona korosho tunaokota chini miaka yote na zinaenda mpaka nje ya nchi?

Kazi ya kuandika hiyo karatasi nimepewa mimi. Nawaonea huruma sana hao bibi ila sitaki mtoto wa mtu alazwe kwa juisi yetu. Mwenye uzoefu anisaidie, tuandike sheria gani ambayo itafuatwa kweli?

Bwanashamba_Mstaafu:
Dada yangu nianze na korosho. Ile ina ganda gumu, inaanikwa, inapitishwa kwenye moto au mvuke ndio ibanguliwe. Embe linaliwa nyama yake, na likigonga ardhi linavilia ndani hata kama ngozi huoni kitu, likipata ufa kidogo tu basi udongo umeingia, na chini ya mwembe pana mavi ya mbuzi, ya kuku, ya popo, hapo ndipo wanapotoka bakteria kina Salmonella na E. coli.

La pili jiulizeni limedondoka kwa nini. Upepo ni kitu kimoja. Ila toka yule nzi wa matunda mgeni aonekane Afrika Mashariki mwaka 2003, maembe mengi yanadondoka kwa sababu yana funza ndani. Hayo hayafai kuliwa wala kuachwa shambani, funza anatoka anaingia ardhini anarudi nzi. Yaokotwe kila siku yafukiwe shimo refu, nusu mita au zaidi. Kwa hiyo hata kama hamyanunui, sheria yenu isiwaambie watu wayaache chini!

kijana_wa_bandari:
Marufuku tu. Mteja wa supamaketi ukimpoteza harudi.

Mzaramo_Michigan:
Nipo Marekani, nafanya kazi kwenye mashamba ya matufaha, na huku hili suala lina sheria kabisa. Mwaka 1996 juisi ya matufaha isiyochemshwa ya kampuni moja ya California iliugulisha watu zaidi ya 60 kwa E. coli na mtoto mmoja akafariki. Mwaka 2001 serikali ikatoa kanuni za juisi, kiwanda lazima kiwe na hatua ya kupunguza vijidudu mara 100,000. Halafu 2015 ikaja kanuni ya mazao mabichi, tunda lililodondoka chini kabla ya kuvunwa haliruhusiwi kuuzwa la kuliwa bichi. Lakini likienda kiwandani ambako litapita kwenye hatua ya kuua vijidudu, na maandishi yapo, ruksa. Lozi ambazo huku zinaangushwa makusudi wakati wa kuvuna hazimo kwenye hilo katazo, ndio kama hoja yenu ya korosho.

Ila chunga kitu kimoja, kuchemsha hakuokoi kilichooza. Tufaha lenye ukungu lina sumu inaitwa patulini, moto hauiondoi, kikomo huku ni mikrogramu 50 kwa kilo ya juisi. Embe si tufaha lakini bovu ni bovu, usilitie sufuriani.

MamaMachungwa_Muheza:
Mimi nasema kuhusu bei maana sheria nyingi zinafia hapo. Ukipiga marufuku bila kumpa bibi pa kuyapeleka atayachanganya na ya kuchuma, ya kuokota chini ya ndoo mazuri juu, na humlaumu, ana wajukuu. Hapa kwetu kwenye machungwa tuliweka ndoo mbili za rangi tofauti na bei mbili, ya kuokota ndogo ila ipo na inalipwa palepale. Mchanganyiko ukapungua sana.

jikoni_salama:
Niongezee kuhusu maji ya kuoshea. Embe lililolala juani lina moto, ukilitumbukiza kwenye maji baridi linavuta maji ndani kupitia kwenye kikonyo. Mwaka 1999 kule Marekani watu waliugua Salmonella kwa maembe ya Brazil na hicho ndicho kilichoshukiwa. Liacheni kivulini lipoe kwanza, na maji yawe na klorini. Pia embe kavu haipikwi tena na joto la kikaushio la jua si la kutegemea kuua bakteria, hivyo ya kuokota yasiingie huko KABISA.

BiMkulima:
Mungu awabariki wote. Naandika hivi: embe kavu ni la kuchumwa tu. La kuokota ni la siku hiyohiyo, gumu, halina ufa wala tundu, ndoo yake na bei yake, linaenda kwenye juisi ya kuchemsha na jamu peke yake. Lenye funza au lililooza linafukiwa, na wenye mbuzi wasifungie chini ya miembe msimu wa mavuno. Achari nimeiacha nje kwa sasa maana yetu haichemshwi. Je, lililodondoka usiku mvua imenyesha, asubuhi bado gumu zuri?

Bwanashamba_Mstaafu:
La mvua likataeni. Matone yanarusha udongo mpaka kwenye kikonyo na limekaa kwenye tope usiku kucha. Na kabla hamjampa mteja hiyo karatasi pitieni SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wawaunganishe na TBS, shirika la viwango, usalama wa chakula uko kwa TBS tangu 2019, waisome kwanza.

MamaMachungwa_Muheza:
Na hilo la mvua mwambieni bibi mapema, siku hiyo asitembee bure na ndoo yake.